Gari la Shemeki

Mwaka 2012 kampuni ya Nissan ilitangaza kule Japani kwamba gari lake la umeme, Leaf, sasa lina uwezo wa kuwasha taa za nyumba. Mwaka mmoja nyuma, mwezi wa Machi, tetemeko na tsunami vilikuwa vimeharibu mitambo ya nyuklia ya Fukushima, watu wakakaa gizani huku magari yenye betri zilizojaa yakiwa yameegeshwa nje. Mafundi wakaunda kifaa cha kuurudisha umeme kutoka garini hadi nyumbani, na dunia ikapiga makofi. Sisi wa Kamina, huku Kongo, hatukupiga. Tulishangaa tu kwamba watu wenye akili kiasi kile walingoja tsunami. Huku kwetu betri ya gari inawasha nyumba toka zamani, na mara nyingi ndiyo kitu pekee kizima ndani ya gari lenyewe.

Tofauti si kubwa. Leaf ya Mjapani inabaki uani, waya ndio unaoingia sebuleni. Kwetu gari linabaki uani, betri ndiyo inayoingia sebuleni, imekumbatiwa na mtu anayetembea kama mjamzito wa miezi tisa. Ukikutana na kijana wa Kamina mwenye vitundu vidogo vidogo kwenye suruali, usiwasingizie mende. Hayo ni maji ya betri.

Shemeki, mume wa yaya, yaani dada yangu mkubwa, ana Toyota ya usukani wa kulia iliyopitia Dar es Salaam na mpaka wa Kasumbalesa kabla ya kuja kuzeekea kwetu. Mchana inabeba magunia ya mahindi na watu wa matanga. Jioni, delestaji, yaani mgao wa umeme, ikishaanza, boneti inafunguliwa na shemeki anaitisha funguo ya kumi. Nyumba yoyote yenye gari ina funguo za namba zote isipokuwa ya kumi. Itatafutwa chini ya kitanda, ndani ya ndoo ya makaa, mifukoni mwa fundi aliyekuja wiki iliyopita, mpaka ionekane mkononi mwa mtoto anayeipigia sahani. Hapo ndipo betri inapowekwa juu ya kigoda, kibano chekundu huku, cheusi kule, konvertisere ya kugeuza umeme wa betri inaguna, na televisheni inafumbua jicho.

Shida ni kwamba betri ya gari imeumbiwa kazi moja: kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini iwake, basi. Sahani zake za risasi ni nyembamba, hazipendi kukamuliwa polepole usiku kucha. Ile ya shemeki ni ya volti 12 na saa-ampea 60, yaani wati-saa 720 kwenye karatasi. Ukitaka iishi, usitumie zaidi ya nusu. Televisheni na dekoda yake zinakula wati mia hivi, kwa hiyo saa tatu unazo, kama hakuna anayegusa kitu.

Tarehe 28 Januari 2024 hesabu hiyo ilikuwa inatosha kabisa. Leopards, timu yetu ya taifa, walikuwa wanacheza na Misri, raundi ya 16 ya Kombe la Afrika, saa nne usiku kwa saa zetu. Ambacho hesabu haikukiweka ni majirani. Walifika na viti vyao, kwa heshima, wakasalimia wazee, kisha kila mmoja akatoa simu. Simu moja haili kitu, wati tano tu, lakini hakuna aliyekuja na moja. Mama mmoja alileta za wanawe wote, hata ya yule aliyehamia Likasi akaiacha na kioo kilichopasuka.

Elia akatufungia, Misri wakarudisha kwa penalti kabla ya mapumziko. Wakati wa mapumziko binti wa yaya akakumbuka kwamba kesho ni Jumatatu na nguo za shule hazijapigwa pasi. Pasi ni wati elfu moja, konvertisere ni wati mia tatu. Ilipiga yowe, ikazima, na chumba kizima kikajifunza fizikia: chochote kinachotoa joto ni adui wa betri. Shemeki hakusema neno. Aliichomoa pasi, akaikalia.

Dakika tisini zikaisha moja kwa moja, nyongeza ikaisha vilevile, wakaingia kwenye penalti. Saba kwa saba. Kipa wa Misri, Gabaski, anaweka mpira chini. Konvertisere ikalia piii, picha ikajikunja, giza.

Sitaandika yaliyosemwa gizani, maana wazee walikuwepo. Ghafla kelele zikalipuka kutoka uani kwa jirani mwenye jenereta, nasi tukakumbatiana bila kujua ni nani anamkumbatia nani wala kwa sababu gani. Habari ikaletwa na zile simu zilizomaliza betri: Gabaski amegonga mwamba, na kipa wetu Mpasi amefunga mwenyewe. Nusu ya chumba ilikataa katakata. Kipa afunge?

Asubuhi Toyota haikutoa hata kikohozi. Waliochaji simu ndio walioitwa kuisukuma, na waliisukuma wakiimba jina la Mpasi hadi injini ikawaka. Nadhani hiyo ndiyo haki ya umeme tunayoijua hapa. Nyingine hatuioni: Kongo inachimba zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, nyingi hapo jirani Lualaba, na betri nyingi za magari ya umeme zinaitaka. Nao umeme wa bwawa la Inga unasafiri kilomita kama 1,700 hadi Kolwezi kwenye nyaya zilizokamilika mwaka 1982, ukipita juu ya vijiji ambavyo haviwezi kuuchota, kwa kuwa ni wa mkondo mnyoofu na mitambo ya kuugeuza iko mwisho wa safari.

Shemeki sasa anaiota Leaf. Nimemfanyia hesabu: ile ya kwanza ilikuwa na kilowati-saa 24, zaidi ya mara thelathini ya betri yake. Yaya akauliza itachajiwa wapi. Shemeki akaonyesha jua, naye yaya akaonyesha bei ya paneli. Mimi wasiwasi wangu ni mwingine. Nissan walisema betri ile inaitosha nyumba ya Kijapani siku mbili. Nyumba ya Kijapani! Kwa hiyo, shemeki, siku muuzaji akikusifia kilomita ambazo gari linakwenda kwa chaji moja, usimsikilize. Muulize linabeba majirani wangapi.