Mlango wa Choo na Mvua za Machi

Wewe mwenye nyumba iliyojaa watu utanielewa haraka. Hapa Ilomba, Mbeya, mvua huanza Novemba, na ikifika Machi mlango wa choo chetu haufungi wala haufunguki mpaka upigwe bega. Juzi ulimnasa mama mkwe, ambaye watoto wamembatiza Mkuu wa Mkoa (mimi nalitaja jina hilo moyoni tu). Kagonga wee, kisha sauti ikatoka: "Baba Neema! Nyumba gani hii inafunga wageni?" Mama wa watu kazaliwa Tukuyu, mvua haimtishi, lakini mlango ule ulimtoa jasho.

Aliyemtoa ni shemeji yangu, Injinia, ambaye kila ugonjwa wa mbao anautibu kwa randa. Nikamshika mkono. Mwaka jana aliuranda mlango wa chumba cha wageni mvua zikiwa zimepamba moto. Ulipokauka, ukabaki upenyo wa kupitisha kidole, na baridi ya Mbeya ya Julai unaijua. Mkuu wa Mkoa alilala humo kashindilia vitenge pembeni mwa mlango.

Mbao hunywa unyevu wa hewani hata isipoguswa na tone. Hutanuka kwa upana, urefu hausogei sana, ndiyo maana mlango hukwama ubavuni. Nyuzi zake zikishiba, maji yakifika kama asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, uvimbe hukoma. Yanayozidi hukaa kwenye matundu, na yakidumu humo ukungu huanza kula. Mlango wetu ni wa paini, ile inayopandwa kwa wingi Sao Hill kule Mufindi, na chini, kwenye vichwa vya mbao, fundi hakupaka rangi. Hapo ndipo mbao hunywa kwa pupa kuliko kwingine kote, na hapo ndipo maji ya kuogea yanapotuama.

Mlango wa mbele ni wa mninga, mti wa miombo kama ile ya upande wa Chunya. Huo unapigwa na mvua ya upepo kila mwaka na kitasa kinaingia vilevile, maana mninga huvimba na kusinyaa kidogo mno, na kiini chake hakiozi upesi. Ninaupenda mlango ule, sifichi.

Kabati la jikoni ndilo lililonikata maini. Ni la bodi, vumbi la mbao lililoshindiliwa kwa gundi, na kitinda mimba wetu, Mafuriko, akiosha vyombo nusu ya ndoo huishia sakafuni. Miguu ya kabati imeumuka kama andazi. Paini ikikauka hurudi. Bodi ikishaumuka gundi imeachia, hairudi tena.

Basi nikatoa shauri: tusubiri Julai, mlango ukauke, tuurande kidogo tu panapogusa, kisha tupake rangi pande zote mpaka chini. Injinia akanuna. Mama Neema akasema kama ni kusubiri, bora asubiri mninga, na kesho yake akaenda Mwanjelwa kuulizia bei bila kuniuliza nina shilingi ngapi. Mkuu wa Mkoa hakungoja mjadala uishe. Amehamia choo cha uani, ambacho mlango wake ni bati.