Gesti Mbovu Ipewe Nishani

Nchi hii hugawa nishani kwa majenerali, majaji na watumishi waliotukuka. Sijasikia hata moja ikivishwa gesti. Naomba basi nilete jina mezani: ile gesti ya uchochoroni, Dodoma, yenye mabomba yote isipokuwa maji. Jina lake kamili nalihifadhi, isije ikajaa wateja ikaharibika.

Tuanze na nasaba, kama inavyompasa msifiwa. Gesti hii ni mtoto halali wa historia. Mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Serikali ikafunga mizigo kwelikweli mwaka 2016, na sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ikapitishwa 2018. Taifa zima limesubiri miaka arobaini na mitano bila kupiga kelele mapokezi. Wewe umeteremka jioni hii kwenye treni ya umeme, umeambiwa usubiri shuka likauke, tayari unaitisha meneja?

Chama chetu cha kufa na kuzikana kilitoka Dar kwenda huko matembezi mwezi Juni, wakati Bunge la Bajeti linaelekea ukingoni na mji umefurika waheshimiwa, madereva wao, waandishi wa habari na watu wenye mafaili kwapani. Vyumba tulivyokwisha kulipia kwa simu tulivikuta vina wenyewe. "Wageni wa Bunge wameongeza siku, mama," mhudumu alimweleza mwenyekiti wetu, kwa sauti ya mtu anayeleta habari njema. Wenye haraka wangeita utapeli. Mimi nauita uwakilishi uliokomaa: kumbe mbunge anaweza kukuwakilisha hata usingizini.

Tukagawana vyumba vilivyobaki, wanne wanne. Kabla ya ufunguo, kitabu cha wageni: jina, kabila, kazi, utokako, uendako. Mweka hazina wetu, mzee wa watu, alipofika kwenye uendako alifikiri kidogo, akaandika "Mbinguni, Mungu akijalia." Mhudumu akagonga muhuri.

Nani leo anamjali mgeni kiasi cha kumwandalia ndala? Zetu zilikuwa chini ya kitanda, ya kushoto ya bluu, ya kulia nyekundu, zote mbili zimekatwa kipande kisiginoni na kuandikwa 7 kwa wino mzito, ili zisimtie mtu tamaa. Hoteli kubwa huficha hofu yake ya wezi kwenye kamera. Gesti inakwambia waziwazi, kwa kisu, kwamba haikuamini, na urafiki wa kweli huanzia hapo.

Sasa maji. "Yapo, mama, ila hayajafika," tuliambiwa. Wala mhudumu hakudanganya. Dodoma ni nchi kame, sehemu kubwa ya maji yake hutoka visima vya Mzakwe, na mji umekua kuliko visima. Ikaletwa ndoo moja na kopo moja kwa chumba. Azimio la Arusha lilihubiri usawa mwaka 1967. Gesti imeutekeleza kwa plastiki. Nilimwona kwa macho yangu mwenzetu mwenye maduka Kariakoo amejifunga taulo, amepanga foleni nyuma ya kijana wa bodaboda, anamsihi, "Mdogo wangu, usiyamalize." Kwenye vikao vyetu huyo ndugu hutuma mchango kwa mkono wa dereva wake.

Usiku nao una fadhila zake. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni haimheshimu mtu wa Dar. Blanketi lilikuwa jembamba, makusudi nadhani, maana akina mama walilazimika kuazimana khanga na vitenge, na deni la khanga ni mwanzo wa undugu. Kuta nazo zilipitisha kila kitu. Kufikia usiku wa manane tulijua nani anakoroma, nani anasali, na nani anamdanganya mkewe kwenye simu kwamba hoteli ni nzuri sana.

Wapo watakaosema gesti kama hii inaharibu matembezi. Wasingizia! Hoteli yenye bafu la moto ingetubakiza kitandani mpaka saa nne. Yetu ilitutoa alfajiri. Kabla jua halijachoma tulikuwa Uwanja wa Nyerere, tumejipanga chini ya sanamu ya Mwalimu kwa picha, nywele hazijachanwa. Tukaenda kuutazama Msikiti wa Gaddafi, na kabla ya saa tatu tulikuwa langoni mwa Bunge, tumeacha simu zetu, tukapanda jukwaa la wageni kusikiliza maswali na majibu. Viti vilikuwa laini, hewa ya ubaridi safi. Baadhi yetu tulisinzia. Nasema yetu, sitaki kesi. Mchana tukaishia soko la Majengo. Msimu wa zabibu ulikuwa bado, lakini mlenda mkavu tuliubeba kwa mafungu.

Na hapa ndipo hoja yangu ya nishani inaposimama. Chama cha kufa na kuzikana kina kasoro moja ya kimaumbile: wanachama hukutana mmoja wao akishafiwa. Kwa miaka tulijuana kwa khanga za msiba na daftari la rambirambi. Basi la zamani, la kutwa nzima, labda lingetukutanisha. Treni ya sasa inafika kwa saa nne hivi, karanga hazijaisha mfukoni. Kazi hiyo ikaachiwa gesti, nayo ikaifanya bila semina wala posho.

Tuliporudi Dar, kikao kilichofuata kilitimiza akidi bila mtu yeyote kufa.