Taadhima kwa Kidudu cha Tope la Engis

Washairi wetu wamekwisha kuwasifu simba, majahazi na masultani, hata masultani wengine ambao sifa hawakuzistahiki. Basi sioni sababu ya kumnyima fungu lake kidudu ambaye jicho halimwoni, ambaye makazi yake ni topeni, na ambaye nasaba yake haina mtukufu hata mmoja. Wataalamu humwita Cupriavidus metallidurans. Alipatikana mwaka 1976 katika tope la birika la kiwanda cha zinki huko Engis, nchini Ubelgiji, mahali palipojaa metali nzito kiasi cha kumfisha kila kiumbe mwenye staha.

Tazameni adabu yake. Sumu ikimfikia halalamiki, wala hapeleki arudhihali serikalini. Zinki iliyozidi haja yake (maana kidogo anaihitaji, nasi pia twaihitaji) huipitisha katika pampu iliyotoboa tando zake zote mbili, akaitema nje pamoja na kadimi na kobalti, na gharama ya kazi hiyo huilipa kwa nguvu zake mwenyewe. Zebaki huigeuza mvuke, ikatoka nyumbani mwake bila ya kuaga. Ama dhahabu iliyoyeyuka, ambayo kwake ni sumu kali, huigandisha ikawa punje za dhahabu halisi, na mwaka 2006 watafiti walieleza kwamba athari zake zimeonekana juu ya chembe za dhahabu ya Australia. Mwamjua tajiri gani mwingine ambaye dhahabu ikimwingia tumboni huitapika?

Na ukarimu wake je? Silaha zake nyingi zimeandikwa katika plasmidi mbili kubwa (vipande vya DNA vilivyo kando ya kromosomu), nazo zaweza kuhamia kwa jirani. Ilhali kwetu ndugu wa tumbo moja hufikishana kwa kadhi kwa ajili ya minazi mitatu.

Mahasidi watasema kwamba bwana huyu hakuiangamiza sumu, ameihamisha tu. Ni kweli: metali haiozi, wala haiungui ikatoweka, na zinki aliyoitema ingalipo mlangoni pake, huku zebaki ikielea hewani kwa watu wengine. Lakini wenye kumlaumu ni akina nani? Wachimbaji wadogo wa Geita huchanganya zebaki na mchanga wa dhahabu, kisha donge linalopatikana hulichoma motoni, mvuke ukapaa juu ya vichwa vyao na vya majirani. Kazi ni ile ile ya kidudu, ila yeye sumu aliikuta, nao huinunua kwa fedha taslimu na kuivuta kwa mapafu yao.

Basi ewe uchomaye zebaki, nakusihi ulitende lile ambalo kidudu huyu, pamoja na fadhila zake zote, hawezi: lifungie donge lako katika chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba la kuupoza mvuke, zebaki ikurudie chupani, na usilichome kamwe jikoni walipo watoto.