Chasi ya Wabeleji

Nyumba tuliyopanga katika komini ya Lac ilijengwa wakati Kalemie bado ikiitwa Albertville. Ina kuta nene na veranda pana, na chooni, juu karibu na dari, kuna tangi la chuma lenye mnyororo. Mwenye nyumba alipotutembeza alisifu hadi bawaba za milango. Tulipofika chooni alishusha sauti: "Hii ni chasi ya Wabeleji." Kisha akafunga mlango bila kuivuta.

Ukiivuta, nyumba inatetemeka. Tangi linakohoa, bomba linanguruma, na majirani wote wanajua umemaliza. Baada ya vishindo hivyo maji yanateremka taratibu, yanazunguka bakuli kwa adabu, yanaondoka peke yao. Kilichokuwemo kinabaki kilipo.

Tulizoea. Kando ya bakuli tuliweka bidoni ya njano na ndoo, na maisha yakaendelea. Shida ilianza siku mama mkwe aliposhuka kwenye boti kutoka Moba, na mizigo yake ikaonyesha wazi kwamba hakuja kwa wiki moja.

Kwetu mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kupishana. Humtazami usoni, huketi naye meza moja, na habari za choo hazipiti kati yenu kwa njia yoyote ile. Lakini hakuna mzee aliyewahi kunifundisha mkwe afanye nini anaposikia mnyororo ukivutwa, kimya kidogo, halafu ukivutwa tena. Mimi nilikuwa natoka nje kukagua mwembe. Baada ya muda hapakuwa na jani la mwembe ule nisilolifahamu. Mke wangu akaniambia: "Baba watoto, ita fundi, au uhamie huko huko kwenye mti."

Fundi alikuja na koleo, msumeno na mwanafunzi wa kushika tochi. Kabla ya kugusa chochote aliomba ndoo ya maji, akaimwaga yote kwa mkupuo. Bakuli likameza kila kitu.

"Umeona, mukubwa? Huku chini hakuna ubaya. Ugonjwa uko juu."

Nilimpa heshima yangu papo hapo. Ndoo ikipita vizuri na chasi ikashindwa, basi bomba la kutolea ni zima. Maji ya tangi ndiyo yanayofika machache au kwa uvivu. Bakuli halitaki maji mengi tu, linataka yaje kwa pamoja, yasukume mzigo uvuke ule mpindo wa bomba unaobakiza maji ili harufu isirudi ndani. Mpindo huo ulipewa hataza mwaka 1775 kwa jina la Alexander Cumming, Mskoti aliyekuwa fundi wa saa London. Fundi wangu saa hana kabisa, ndiyo maana aliyeahidi kuja saa mbili asubuhi aliingia wakati wa ugali.

Alianza na boya, tufe la shaba lililokuwa limetoboka na kunywa maji mpaka likawa haliwezi kuelea. Dukani tuliuziwa la plastiki, lililovuka ziwa kutoka Kigoma, na mkono wake ulikuwa mfupi kuliko tangi lilivyotaka. Fundi akauunganisha na kipande cha spoku ya baiskeli. Kisha akageukia mpira wa kuzibia chini. Piyesi ya tangi la namna ile haipo sokoni, haipo Lubumbashi, pengine haipo hata Ubeleji. Akaomba kandambili. Mwanafunzi akaleta iliyokuwa karibu, ya mke wangu, ya buluu yenye maua, na kabla mwenyewe hajatokea jikoni ilikuwa imeshachorwa duara na kukatwa. Mpaka leo ukipanda kwenye kiti na kuchungulia ndani ya tangi utaona nusu ya ua.

Tangi sasa lilijaa hadi juu na halikuvuja hata tone. Tukavuta mnyororo. Nyumba ikatetemeka. Maji yakazunguka kwa adabu.

Nilitoka nikaketi kwenye veranda, nikatazama ziwa. Lina kina cha karibu mita 1,470. Duniani ni Baikal tu linalolishinda. Na maji yote hayo, kutoka Burundi hadi Zambia, yana mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, ulio hapa hapa mjini kwetu. Mwingereza Cameron aliufikia mwaka 1874. Stanley alipopita mwaka 1876 alikuta matope na mafunjo yameuziba. Ziwa likazidi kujaa mpaka likasukuma kizuizi chote kuelekea Lualaba; mwaka 1879 mmisionari Edward Hore alikuta maji yakikimbia kwa nguvu, na miaka iliyofuata ziwa likashuka mita kadhaa. Chasi kubwa kuliko zote Afrika ilivutwa Kalemie, ikafanya kazi. Ya kwangu ilikuwa futi chache tu juu ya kichwa changu, ikagoma.

Ndipo mtoto akaja na ujumbe. "Papa, nkambo anasema hata birika yake inaota mawe. Anasema yeye anaiwekea ndimu."

Mama mkwe alikuwa amezungumzia birika. Choo hakukitaja, na mimi sikusikia habari yoyote ya choo. Ila nilimfikishia fundi salamu za birika, naye akaomba kioo. Mwanafunzi, ambaye sasa aliijua nyumba kuliko mimi, akaleta kile cha mke wangu cha kujipambia. Fundi akakiingiza chini ya ukingo wa bakuli, akamulika: vile vitundu vinavyomwaga maji pembeni vilikuwa vimezibwa na ukoko mweupe, mgumu, karibu vyote. Maji ya ziwa letu yana magadi na madini mengi, na kila bidoni tuliyomimina tangini bomba la mjini liliponyamaza iliacha chumvi zake humo.

Fundi alitaka asidi ya betri. Mke wangu, aliyekwisha kupoteza kandambili na kioo, alikataa kupoteza na mume. Tukaloweka vitambaa katika siki, tukavibana chini ya ukingo usiku kucha, na asubuhi tukachokonoa tundu moja moja kwa spoku iliyobaki. Vipande vilidondoka vikilia kwenye bakuli. Tukavuta mnyororo. Maji yalishuka kwa ghadhabu, yakafagia, yakatoweka. Kutoka chumba cha wageni nikasikia mtu akikohoa kikohozi cha kuridhika.

Mwisho wa mwezi mwenye nyumba alikuja, akaomba kwenda chooni. Tulisikia akivuta mara moja. Akangoja tangi lijae, akavuta tena, kwa raha zake tu. Alipotoka alisema nyumba yenye chasi ya Wabeleji inayofanya kazi haiwezi kubaki kwa bei ile ile. Nilimjibu kwamba boya ni langu, spoku ni yangu na mpira ni kandambili ya mke wangu, na nikihama nabeba vyote. Mazungumzo bado yanaendelea. Mama mkwe naye bado yupo.