Kamshafti ya Kuwakomoa Majirani

Mwenye Chevrolet Camaro ya 1969 huko Marekani akianza kuijenga upya injini, hufika salama salimini mpaka kwenye kamshafti. Hapo busara humtoka. Gari litakwenda dukani Jumamosi na kurudi, lakini yeye anataka kamshafti ya mashindano, ili gari likiwa limesimama tu injini itetemeke na kukoroma, mtaa mzima ujue nani kaamka.

Kamshafti ndiyo huziamulia valvu zifunguke lini, kiasi gani na kwa muda gani. Zikikaa wazi muda mrefu, injini hupumua vizuri ikizunguka kwa kasi kubwa. Ikizunguka taratibu, mchanganyiko wa hewa na petroli hurudi ulikotoka, nguvu hupungua, na mvuto wa hewa unaoyasaidia mabreki hupungua nao. Basi bwana huwasili kwenye taa nyekundu kwa sauti ya simba, kakanyaga breki kwa miguu miwili.

Atajitetea kwa Camaro Z/28 ya 1967, iliyotoka kiwandani na kamshafti kali. Kweli. Ila ile ilitengenezwa kwa ajili ya mbio za Trans-Am, injini ya inchi za ujazo 302, giaboksi ya mkono, kiyoyozi hakuna. Ya kwake ni otomatiki, ina kiyoyozi, na mama mkwe kakaa nyuma.

Muuzaji akimuuliza uzito wa gari na uwiano wa difu, hujibu: “Nataka isikike.” Akishauriwa achukue ndogo kidogo, huona katukanwa. Mwezi unaofuata huagiza pampu ya umeme ya kuvutia hewa ya breki.