Lita Kumi na Moja na Nusu

Jumamosi
Nimemaliza mchoro wa kasha la kompyuta. Milimita 300 kwa 240 kwa 160, yaani lita 11.5. Makasha ya kawaida hufika lita 40. Mazabodi ni ya mini-ITX, 170 kwa 170. Kompyuta itapozwa kwa maji: rejeta ina unene wa 27 na feni zake mbili 25, jumla 52. Kila kitu kimeingia, na juu zimebaki milimita 14. Nimetengeneza mfano kwa boksi la biskuti, nao umekaa sawa. Mke wangu akauliza nyaya zitapita wapi. Nyaya sikuzichora.

Jumatatu
Nimekwenda eneo la Gerezani. Fundi bati ameutazama mchoro kwa muda mrefu, kisha akauliza kama ni kabati la dawa. Nikamwambia vipimo vyote ni milimita. Akasema milimita ni mambo ya mvua, yeye anapima kwa inchi. Tumekubaliana. Sina hakika tumekubaliana nini.

Alhamisi
Kasha liko tayari, linang'aa. Mazabodi haiingii. Milimita 170 zimegeuzwa kuwa inchi sita na nusu, ambazo ni 165 na ushee. Fundi akanipa nyundo. Nikakataa. Akanipa tupa. Nikamweleza kwamba mazabodi haichongwi. Akashangaa kuwa kitu cha bei ile hakivumilii hata kidogo. Ameanza upya, safari hii kwa rula yangu. Kasha la kwanza nimerudi nalo nyumbani. Shangazi amelikagua, akasifu matundu ya hewa, akaweka vitunguu.

Jumamosi
Rejeta niliinunua Kariakoo kwa kuwa ilikuwa nafuu. Leo nimesoma maandishi ya ubavuni: alumini. Kile kichwa kinachokaa juu ya prosesa ni cha shaba. Hizo mbili zikishiriki maji mamoja, alumini hulika taratibu. Muuzaji amesema mali ikishauzwa hairudi, ila inaweza kubadilishwa kwa kuongeza hela. Hela niliyoongeza imezidi ile niliyookoa.

Jioni nikatafuta maji. Ya bomba hayafai, chumvi yake ndiyo ile inayoacha ukoko kwenye birika. Nikaenda kituo cha mafuta kuomba maji ya betri. Kijana akauliza ni gari gani. Nikasema kompyuta. Akamwita mwenzake, akaniomba nirudie.

Jumapili
Jaribio la kuvuja, saa 24. Mazabodi imekaa kando na pampu peke yake ndiyo inayopata umeme: kwenye plagi ya pini 24 ya pawa saplai nimeunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kibanio cha karatasi. Chini ya kila kiungo nimetandika karatasi ya chooni. Saa tano usiku karatasi ya kiungo cha tatu ikawa imelowa. Nimekagua kwa saa mbili. Ni glasi ya juisi baridi ya mwanangu, iliwekwa pale ikatoka jasho. Mke wangu amesema ndoo yake ya lita kumi haijawahi kutandikiwa karatasi. Saa tisa usiku umeme wa LUKU ukaisha. Jaribio linaanza upya.

Jumanne
Halivuji. Linagugumia. Pampu niliiweka juu kuliko vyote, na hewa nayo hukimbilia juu, kwa hiyo pampu inameza mapovu badala ya maji. Dawa yake ni kulilaza kasha huku na huku mpaka hewa ihamie kwenye tangi. Nimelipakata sebuleni dakika arobaini. Shangazi akapita, akauliza kama limecheua. Nikasema bado. Akaniambia nilipigepige mgongoni. Nikalipigapiga. Likacheua.

Jumatano
Nimefunga skrubu zote. Nyaya zimepita kwenye zile milimita 14, baada ya mimi kufungua skrubu zote na kufunga tena. Imebaki skrubu moja. Sijui ni ya wapi.

Alhamisi
Kompyuta inafanya kazi. Prosesa ikibanwa na kazi nzito inafika nyuzi 68, nami nimeridhika. Chumbani zilikuwa nyuzi 31. Baada ya saa moja, mlango ukiwa umefungwa, zikawa 33. Sina wa kumlaumu. Maji hayamalizi joto, hulibeba tu mpaka kwenye rejeta, na feni hulipuliza nje ya kasha, nilikokaa mimi. Wala hayawezi kupoa kuliko hewa ya chumba, kwa hiyo kadiri chumba kinavyochemka, ndivyo na joto la prosesa linavyopanda. Nikafungua mlango. Mke wangu akaufunga, amesema joto limefika sebuleni.

Ijumaa
Nimeleta feni ya mezani. Asubuhi ilinielekea mimi. Mchana nikaielekeza kwenye kasha. Nimeipima: pamoja na kitako chake, inahitaji lita 40. Mke wangu ameuliza ile nafasi tuliyookoa iko upande gani wa meza.

Vitunguu havijaoza hata kimoja.