Sifa za Ukanda wa Plastiki

Washairi wamekwisha kuusifu mwezi, yasmini, jahazi na macho ya wapenzi wao, na katika sifa hizo hawakubakiza nafasi ya kutia hata nukta; walakini hakuna mmoja wao aliyeona haya kuuacha bila ya ubeti ukanda ule wa plastiki ambao mgeni wa hoteli kubwa ya pwani hufungwa mkononi pale mapokezini, kabla hajapewa dafu wala kuambiwa karibu. Dhuluma hii nimenuia kuiondoa. Nina haki ya kufanya hivyo, maana nimeuvaa, nimeoga nao, nimelala nao na nimeswali nao; na msimu huu, ambapo ukoo wangu umeniteua kuwa amiri wa safari ya mapumziko na kunikabidhi kazi ya kutafuta Unguja hoteli moja ya fahari itakayotutosha sote, tangu shemeji yangu wa Maskati ambaye hawezi kulala bila ya kiyoyozi hadi kitukuu ambaye bado anatambaa, nimegundua ya kuwa bahari, mchanga na vitanda vyote ni mapambo tu, na kwamba kitu tunachokichagua hasa ni ukanda.

Katika fadhila zake zote iliyo kuu, na ambayo peke yake ingetosha kuujengea mnara, ni elimu yake ya kuwajua watu. Zamani katika miji yetu ya pwani kumjua mtu ilikuwa kazi ya siku nyingi. Mgeni akishuka chomboni aliulizwa jina lake, na la baba yake, na la babu, na mtaa waliokaa, na watu waliooana nao. Alitazamwa joho lake, namna alivyopiga kilemba chake, na jambia lake kama analo. Hata kofia na viatu vilikuwa na maneno yake, kwa kuwa enzi za utumwa havikuwa vya kila kichwa wala vya kila mguu. Na baada ya uchunguzi wote huo mwenye nyumba aliweza bado kukosea, akampelekea kikombe cha kwanza cha kahawa mtu aliyestahiki cha mwisho, jambo lililotosha kuzaa uhasama wa vizazi viwili. Ukanda umetuondolea mashaka haya. Kijana aliyeajiriwa juzi, ambaye hamjui Mshihiri wala Mngazija, husimama mlangoni mwa mkahawa na kwa kutupa jicho mara moja tu juu ya kifundo cha mkono huijua daraja ya kila kiumbe. Mwenye buluu na ale katika bufee pamoja na umma, asimame foleni akingoja kimanda chake. Mwenye kijani ni mtoto, naye ana haki ya aiskrimu mpaka saa kumi. Mwenye dhahabu ndiye mtu wa watu: kamba wake huchomwa huku akiwatazama, taulo lake hukunjwa umbo la bata maji, na kitanda chake cha kuotea jua huwekwa safu ya mbele, ambako hakuna kichwa cha mwanadamu baina yake na Bara Hindi. Nimemwona mzee mmoja, mwalimu wa walimu, ambaye mtaani kwao akipita watu huinuka barazani, akirudishwa mlangoni kwa taadhima kubwa kwa sababu ya rangi yake, nasema rangi ya ukanda wake, ilhali barobaro aliyevaa bukta inayochuruzika maji akipishwa na kuinamiwa. Nasaba ya wazee wetu ilikuwa na aibu moja, nayo ni kudumu. Aliyezaliwa nayo alizikwa nayo. Nasaba hii mpya hununuliwa kwa kadi ya benki, haidai babu yeyote, na siku ya kuondoka, saa nne ya asubuhi, hukatwa kwa mkasi na kutupwa kapuni, mwenyewe akarudi kuwa yule yule aliyekuwa.

Wala asidhani mtu kuwa ukanda wenyewe hauna ukoo. Mwaka 1950 Mbelgiji Gérard Blitz alifungua huko Alcúdia, katika kisiwa cha Majorca cha Hispania, kambi ya mahema ya Club Méditerranée, ambako mgeni alilipa mara moja kabla ya kuja, kisha akala na kucheza pamoja na wenziwe bila ya kutoa tena mfuko wake. Na baadaye, kwa kuwa mtu aliyevaa nguo ya kuogelea hana pa kutia fedha, vinywaji vya baa vikawa vinalipiwa kwa shanga. Ulaya ilistaajabia uvumbuzi huo. Sisi tungewaambia, kama tungeulizwa, kwamba misafara iliyotoka Bagamoyo katika karne ya 19 ilifika Ujiji kwa shanga na nguo. Kwamba mfanyabiashara aliyepeleka shanga nyeupe katika nchi iliyotaka sami-sami, zile nyekundu, alikwama na mizigo yake. Na kwamba watemi wa Ugogo hawakumpitisha mtu kabla hajatoa hongo. Mambo yamegeuka kidogo tu: siku zile mwenye nchi ndiye aliyetoza, na mgeni ndiye aliyesimama akingoja ruhusa ya kupita.

Fadhila nyingine nazitaja kwa mkato. Ukanda haupotei wala hauazimwi. Huwazoesha watoto hisabu, kwa kuwa kila asubuhi huutazama na kuuliza zimebaki siku ngapi. Huwarudisha watu wazima chuoni, maana mwenye kutawadha hulazimika kuusogeza huku na huku ili maji yafike penye ngozi, suala ambalo tulilisoma utotoni kwa habari ya pete na tusidhani kuwa litatufaa. Fauka ya hayo haushiki kutu.

Lakini fadhila ambayo wauzaji huitanguliza ni ukarimu. Aliyevaa ukanda, husema, kila kitu kimo. Nilimpigia simu karani wa hoteli moja, nisiyoitaja, nikamwomba anifafanulie. Kahawa ya mashine? Hiyo haimo. Maji ya chupa ya kioo? Hayo ni ya ukanda wa dhahabu. Boti ya kwenda kutazama pomboo? Haimo. Karamu ya mkesha wa mwaka mpya? Haimo vile vile, ila kuilipia ni lazima, hata kwa mtu aliyenuia kulala saa mbili na njaa yake. Na mjukuu wangu wa miaka 12? Huyo, kwa hisabu ya hoteli, ni mtu mzima, ingawa nyumbani bado hatujamruhusu kuwasha jiko.

“Sasa kilichomo hasa ni kipi, mwanangu?”

“Vinywaji, mzee. Bia, mvinyo, jini, wiski, mchana kutwa na usiku mpaka saa sita. Kunyweni mtakavyo.”

“Sisi hatunywi. Bei ya wasiokunywa ni ipi?”

“Bei ni moja, sheikh.”

“Basi pombe yetu atainywa nani?”

Pakawa kimya. Nilisikia vidole vyake vikigonga kompyuta. “Mfumo haukubali kuitoa, mzee,” akasema, na kwa sauti yake nikatambua ya kuwa hata yeye haonji.

Hapa taadhima inanishinda. Hoteli zimejengwa katika nchi ambayo walio wengi ni Waislamu, zikapakwa chokaa na mafundi wa nchi hiyo, zikapewa majina yaliyookotwa katika lugha ya nchi hiyo, na katika mikutano yote ya kupanga bei hakutokea hata mtu mmoja aliyewaza kuwa wenyeji nao huenda wakaja siku moja na watoto wao, wakataka samaki wa kupaka na maji ya ndimu! Katika ankara tunahesabiwa kuwa ni walevi, na getini tunatazamwa kuwa ni wezi. Gari lililojaa watu wa kwetu huulizwa linakwenda wapi, kwa nani, na kama lina miadi, ilhali basi la wageni kutoka uwanja wa ndege huinuliwa kizuizi likiwa bado mbali.

Turudi katika sifa. Ukanda una hekima ya kunyamaza. Picha za vipeperushi hupigwa maji yakiwa yamejaa, na mtu wa Maskati akizitazama hudhani kuwa bahari ya Unguja husimama hapo usiku na mchana kumngoja yeye. Akichagua upande wa mashariki, tuseme Paje au Jambiani, na akafika siku za bamvua, ataiona bahari ikimuaga baada ya chai ya asubuhi na kwenda zake, pahali pengine zaidi ya kilomita moja, hadi kwenye mwamba, ikimwachia mchanga wenye madimbwi, miiba ya vijiti na kina mama waliojiinamia juu ya mwani wao, kilimo walichokishika huko tangu 1989. Nungwi na Kendwa huogelewa maji yakijaa au yakipwa. Haya kila mtoto wa pwani anayajua, na karani anayajua zaidi, lakini hayamo katika bei na kwa hiyo hayasemwi.

Na ni wakati huo maji yanaporejea ndipo ukanda huonyesha uwezo wake wote. Katika hoteli moja ya upande huo nilimwona mama mtu mzima akipanda kutoka mwambani, kanga kaifunga kibwebwe, kijiti cha kuchokolea pweza begani, na mkononi ndoo ya rangi ya nyumba ambamo pweza wawili walikuwa bado wanajinyonga. Alishika njia iliyo baina ya kuta mbili, ambayo ni njia ya kijiji tangu kabla ya kuta hizo kuwapo. Askari akamzuia. “Bibi, hapa pa wageni. Zunguka.” Akamjibu, “Nizungukie wapi, mwanangu, na maji ndiyo haya yanakuja?” Kijana akainamisha uso, akasema polepole kuwa wakubwa wanatazama kamera. Nami niliyekuwa nyuma yake, mzaliwa wa mjini, ambaye sijapata kuchokoa hata kaa, nikainua mkono wangu wa plastiki, na nikapigiwa saluti. Usiku ule pweza wa nazi alikuwamo katika bufee.

Simlaumu askari, alikuwa mtoto wa kijiji cha jirani na mshahara wake hauwezi kubishana na kamera. Ardhi ya visiwa hivi ni ya umma tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, na mwenye hoteli, awe na mataji mangapi mlangoni, ni mpangaji. Bali mpangaji huyu amemfungia mwenye nyumba mlango, kisha akamwajiri mtoto wa mwenye nyumba aulinde. Nawalaumu waliokaa mezani wakatia sahihi juu ya ramani pasipo kuuliza njia ya kwendea pwani inapita wapi, wakaja siku ya ufunguzi wakakata utepe, wakala kamba, wakaondoka na fulana.

Ukoo wangu, baada ya mashauri marefu, umeelekea kwenye ukanda wa buluu. Mimi nina shauri langu kwa serikali. Masheha wote wa shehia za pwani wapewe mashine za kufungia kanda hizi. Kila mwenyeji afungwe wa dhahabu, bure, wa maisha yake. Na wachokoa pweza wawe na rangi yao pekee, ambayo ikitokea mbele ya vitanda vya kuotea jua vitanda husogezwa. Mgeni naye atakayetaka kutoka getini kwenda kununua mandazi kijijini, na wengi hutaka wakisha kuchoshwa na bufee, aanzie kwa sheha, aonyeshe pasipoti yake, aulizwe jina la babu yake na mtaa waliokaa, afungwe ukanda wa mwani uliokaushwa vizuri, wa siku moja, na alipe kwa dola. Akiuliza kilichomo, aambiwe kuwa kila kitu kimo: mandazi yamo, kivuli cha mwembe kimo, salamu zimo mpaka saa sita. Chai haimo.